Mama Wawili Waliokataa Mbingu

Siku mliponiaga pale kanisani, mkanipa kitenge, beseni na saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu swali nikalikwepa. Aliuliza: Mwinjilisti, wewe uliyezika watu wengi hivi, unaamini moto ni wa milele, au mwisho wa yote kila mtu ataokolewa? Nikasema chakula kinapoa. Watu wakacheka, tukala. Tangu siku hiyo sijatulia. Naanza kupalilia mahindi, naacha jembe shambani. Nabandika maji, nasahau nilitaka kupika nini. Mume wangu ananiuliza kama nimestaafu au nimehamishwa. Basi nawaandikia ninyi wainjilisti vijana, si kwa sababu jibu ninalo, ila swali lenyewe nimelifanyia kazi kuliko kazi nyingine yoyote niliyopewa, na sitaki mdhani nililisikia mara ya kwanza kwenye sherehe ya kuagwa.

Kazi nilianzia Nyangoto. Nilifika na begi moja na kitabu cha ibada nilichokifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mzee wa kanisa aliyetumwa kunipokea alinisalimia vizuri, kisha akaendelea kuangalia nyuma yangu, akisubiri mwinjilisti mwenyewe atokee. Nilipomwambia ni mimi, alichukua begi langu akatangulia mbele mpaka tulipofika. Wakati ule mwanamke kuongoza ibada lilikuwa jambo ambalo wazee walilikubali kwenye vikao tu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyamhanga, mwinjilisti aliyenitangulia pale, mrefu, mwenye sauti ndogo, na mwenye buti za mvua alizovaa hata kiangazi. Hakunifundisha kuhubiri. Alisema hilo nimelisoma chuoni na litanitoka lenyewe taratibu. Alinifundisha misiba. Kwamba niende na kanga ya ziada, kwa kuwa ya kwanza nitamfunika nayo mtu. Kwamba nitangulie kuingia ndani kwa wanawake, niketi chini nao, nisiulize kilichomuua marehemu, maana watanieleza bila kuulizwa. Kwamba chai nikipewa ninywe, hata kama ina moshi. Kwamba nisianze ibada kabla sijachungulia kaburi kwa macho yangu, kwa sababu ardhi ya Nyangoto na Matongo ina mawe, na wachimbaji watakuambia wamemaliza kumbe wamefika magotini, uimbishe watu nyimbo zote za kitabu na jua likuishie hapo.

Na alinipa agizo moja ambalo alilirudia mpaka nikalichoka. Alisema, "Marehemu usimpeleke popote. Wewe umetumwa kumfikisha kaburini. Kuanzia hapo kuna mwenye kazi yake."

Msidhani alikuwa mtu wa kupunguza mambo. Mzee Nyamhanga aliamini moto wa milele. Kila mwaka, ikifika Jumapili ya somo la hukumu, la kondoo na mbuzi, alilisoma polepole bila kupandisha sauti, na baada ya ibada alikwenda moja kwa moja nyumbani bila kusalimiana na mtu. Siku hizi nawaona mkitumiana kwenye simu zile shuhuda za watu waliotembezwa kuzimu, wakarudi na majina ya waliowakuta huko, na mnaweka vidole gumba chini yake. Mzee yule asingeweza. Alisema moto upo, ndiyo maana hautaji ovyo.

Sasa niwaambie habari ya Bhoke, maana huko ndiko ninakoelekea tangu nilipoanza.

Bhoke alikuwa mjane wa Matongo, mkulima, mfagiaji wa kanisa kwa hiari yake, na mama wa mtoto mmoja aliyebaki hai, Mwita. Mwita nilimfundisha kipaimara. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya na mtu wa kucheka kwenye sehemu zisizochekesha. Alipokua akaanza kwenda kuokota mawe ya dhahabu karibu na mashimo na vijana wenzake, kanisani tukamwona mara moja moja, halafu hatukumwona. Baadaye tukasikia ameingia kwenye ng'ombe. Kwetu mtu akisema fulani ameingia kwenye ng'ombe, haina maana amenunua. Na wizi huo hauna kabila moja wala upande mmoja. Wanaokwenda kule na wanaokuja huku hupishana njiani.

Usiku mmoja yeye na wenzake wakavamia zizi la familia moja Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Kijana wa nyumba ile, jina lake Wambura, alitoka kuwazuia, na Mwita akamchoma mkuki. Mwano, lile yowe la kuita watu, ukapigwa, kijiji kizima kikatoka, na Mwita akapigwa mshale wa tumbo. Wenzake walimbeba mpaka Matongo, wakamlaza mlangoni kwa mama yake, wakakimbia. Alikufa asubuhi hiyo, na hakuna aliyekuwa naye ila Bhoke. Huko Nyansurura ng'ombe walirudishwa wote, lakini Wambura alikwisha kufa.

Wazee wa kanisa walikaa. Utaratibu mnaujua: mtu aliyeliacha kanisa na kufia kwenye uovu hazikwi kwa ibada. Mzee Nyamhanga alikubaliana nao, akaenda msibani bila kanzu, akaketi na majirani. Mimi nikaingia ndani kwa wanawake. Basi pale nje, kwa kuwa sisi tulinyamaza, nafasi ikabaki wazi, na mjomba wa marehemu akampa kipaza sauti mhubiri mgeni aliyekuwa kijijini kwa mkutano wa injili. Hakuwa mtu mbaya. Aliona vijana wengi wamesimama pale, wenzake Mwita, akataka kuwaokoa. Akawaambia msidhani Mwita amelala. Akasema Mwita yuko motoni saa hii, anaungua na analia, na hatatoka leo wala milele. Vijana kadhaa walipiga magoti. Sauti ilipita kwenye mabati ikatufikia ndani kama vile yule mtu amesimama katikati yetu. Bhoke akaacha kulia. Wanawake wakadhani amepata nguvu.

Jumapili ya meza ya Bwana iliyofuata, Bhoke aliimba, akatoa sadaka, na wakati wa kwenda mbele akatoka nje, akaketi kwenye jiwe. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Nikamfuata nyumbani. Alikuwa anamenya mihogo, na hakuacha kumenya.

Aliniuliza kama yule mhubiri alidanganya. Nikamwambia mimi sijui Mwita aliko.

"Basi kama hujui, mimi nakaa upande wake," alisema. "Nikila ile meza, mnasema nitaenda mbinguni. Yeye huko aliko atabaki na nani?"

"Mama Mwita, mtu hachagui moto."

"Sichagui moto, Mwinjilisti. Nachagua mtoto."

Nilirudi kwa Mzee Nyamhanga na maneno hayo, nikiamini atanipa andiko la kumrudisha. Alivua kwanza buti zake, akaziweka mlangoni. Kisha akasema tunao utaratibu wa kumtoa mezani mtu anayetaka kula na hastahili, lakini wa mtu anayestahili na hataki, hatunao. Akaniambia niendelee kumtembelea, na nisimpelekee mafundisho, nimpelekee kuni.

Wakati huo akaletwa Mchungaji Daudi, kijana kutoka chuoni, mwembamba, mwenye maswali mengi, na mwenye imani ambayo haikuwahi kutamkwa kwenye mimbari ya Nyangoto. Aliamini kwamba Mungu hatashindwa na mtu hata mmoja. Adhabu ipo, alisema, na ni kali, lakini ina kusudi, na mwisho wake kila kiumbe kitarudi kwa aliyekiumba. Yule mchungaji wa mfano, aliyeacha wote akamfuata mmoja, hakuambiwa atafute mpaka achoke. Aliambiwa atafute mpaka ampate. Nilimpeleka kwa Bhoke mwenyewe, kwa haraka, kama mtu anayekimbiza dawa.

Alimweleza vizuri, lazima niseme. Alitumia mambo ya pale pale: jinsi wachimbaji wadogo wanavyochoma dhahabu juu ya makaa ili uchafu uondoke, na hakuna anayechoma ili aiharibu. Bhoke alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza, "Na mawe je? Huku kwetu mawe mengi hayana kitu, Mchungaji. Tunayatupa." Mchungaji Daudi akacheka, akakubali kwamba kila mfano una mahali unapoishia. Lakini alipohubiri Jumapili hakuwakumbusha watu mahali hapo, na jioni hiyo wazee wa kanisa wakaitisha kikao.

Nilikuwapo kama katibu. Kilikuwa kikao kirefu, na sijawahi kuona watu wakigombania moto kiasi kile. Mzee mmoja alisema kama wote wataokolewa, yeye arudishiwe miaka yote aliyoacha pombe. Wakacheka, ila wengine walionekana kulifikiria. Mzee Nyamhanga ndiye aliyesimama kwa ajili ya mafundisho ya zamani. Alisema kwa sauti yake ndogo: ukiwaambia wezi wa ng'ombe kwamba mwisho wa yote ni karamu, nyumba iliyouawa mtu tutaiambia nini? Mchungaji Daudi akajibu kwa heshima kwamba moto umehubiriwa Nyangoto tangu kanisa ni la nyasi, na ng'ombe hawajaacha kuibwa. Wote wawili walikuwa na andiko, tena mengi, na kila mmoja alipomaliza kusoma yake watu waliitikia amina. Mimi niliitikia amina pande zote mbili, na sikuwa naigiza.

Tulipotoka, nilitembea na Mzee Nyamhanga mpaka njia panda. Nikamuuliza kwa nini hataki Bhoke apate faraja. Alisimama.

"Moto upo," alisema. "Na kila siku naomba uwe hauna mtu. Hayo mawili nayabeba yote, na usiniulize yanakaaje pamoja, kwa sababu hayakai."

Mzee yule alifariki mwaka uleule. Ndiye mtu pekee ambaye sikuhangaika kumzika, na hata kumlilia nilimlilia kwa raha.

Baadaye nikahamishiwa Nyansurura. Mliowahi kuhamishwa mnajua: unaambiwa Alhamisi, Jumapili unahubiri kwingine. Nilipofika, akina mama walinipokea kwa nyimbo, lakini walijua nimetoka upande gani, na mmoja akauliza kwa utani kama nimekuja peke yangu au wenzangu wamebaki porini wakiangalia mazizi. Nikacheka, kwa kuwa mgeni akikataa utani wa kwanza hatapewa wa pili.

Kiongozi wa akina mama pale aliitwa Nyangi. Mkubwa kwangu kwa umri, mnene, mwenye amri, na jikoni kwenye shughuli za kanisa hakuna sufuria iliyosogezwa bila yeye. Nilikuwa nimekaa pale majuma kadhaa kabla sijaambiwa kwamba Wambura alikuwa mwanawe. Ng'ombe wale bado walikuwa zizini kwake. Aliwakamua, akagawa maziwa kwa majirani, na yeye mwenyewe hakuyaonja tena tangu siku ile.

Hakuwahi kunitajia habari hiyo, mpaka mahubiri ya Mchungaji Daudi yalipotufuata. Mtu wa Nyangoto alikuwa amerekodi, akamtumia ndugu yake, na ndugu akamtumia mjukuu wa Nyangi. Nyangi akaniita kwake, akamwambia mjukuu aweke simu juu ya meza, tukasikiliza wote mpaka mwisho, na sauti ile nzuri ikisema hakuna atakayebaki nje.

"Huyu ni mchungaji wenu?" aliniuliza.

Nikasema ni wetu sote.

"Basi muulize. Aliyemchoma mwanangu nitamkuta huko?" Hakusubiri jibu. "Nikimkuta, mimi ninatoka. Mwambieni Mungu aniandalie mahali pengine."

Na mwezi uliofuata meza ya Bwana ilipoandaliwa, Nyangi, aliyeioka ile mikate kwa mkono wake, alikaa kwenye benchi na hakusimama. Nilisimama pale mbele nikimwangalia, na nikamwona Bhoke kwenye jiwe lake kule Nyangoto. Mmoja alikataa mbingu kwa sababu Mwita hayumo. Mwingine aliikataa kwa sababu Mwita anaweza kuwamo. Na mimi kazi yangu ilikuwa kuwaita wote wawili mezani. Jioni ile nilikasirika, na sitawaficha niliyemkasirikia: ni Mungu, kwa kutuachia jambo kubwa namna hii bila kusema waziwazi.

Hapa lazima niwaeleze mwiko, kwa ajili ya wale mtakaotumwa huku mkitokea mbali. Kwetu Wakurya na kwa majirani zetu hawa wa Serengeti, damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba ya muuaji na wa nyumba ya aliyeuawa hawali chungu kimoja wala hawanywi chombo kimoja. Wakila, atakufa mtu. Mpaka wazee wa pande mbili wakae, mnyama achinjwe, walishane. Kanisa lilipokuja lilisema kule kukaa na kuchinja ni upagani, likakataza, na Wakristo wakatii. Ila mwiko wenyewe haukuondoka. Tulifunga mlango wa kutokea tukawaacha watu ndani. Kisha tukawaandalia meza moja, mkate mmoja na kikombe kimoja, na tukashangaa kwa nini watu wengine wana kikohozi kila mwezi Jumapili hiyohiyo. Vilipoletwa vikombe vidogo vya mtu mmoja mmoja, tulisema ni kwa ajili ya afya. Wanawake walishangilia kuliko afya inavyoshangiliwa.

Ikapangwa semina kubwa ya akina mama, na zamu ya kupokea wageni ikawa ya Nyansurura. Mwalimu alikuwa Mchungaji Daudi, na wageni walitoka mpaka Tarime. Nilikuwa getini lori la Nyangoto lilipofika, nikihesabu magodoro, na aliyeshuka wa mwisho, akisaidiwa, alikuwa Bhoke. Alikuwa amezeeka. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu viazi vitamu alivyochemsha nyumbani, vya kumtosha semina nzima. Hakuja kula chakula cha watu. Nilimwamkia, nikamuuliza kama anajua amefika wapi. Akasema ndiyo maana amekuja na viazi.

Habari ilifika jikoni kabla yangu. Nilikuta mwiko wa ugali umesimama ndani ya sufuria na hakuna anayeushika. Wanawake wote wanamwangalia Nyangi, na Nyangi anaangalia moto. Wengine walitaka mgeni yule arudishwe na lori lile lile. Nyangi alisema lori lishageuza, watu wanataka kula, na kila mtu ashike kazi yake.

Siku ya kwanza ya mafundisho Nyangi alisimama akamuuliza Mchungaji Daudi lile swali, mbele ya wote: nitamkuta huko? Nilikuwa na wasiwasi atampa mfano wa dhahabu. Hakumpa kitu. Alisimama pale na Biblia yake wazi, akasema, "Mama, sijui nikujibu nini nisikuumize." Chuo kilikuwa kimefanya kazi kubwa kumwondolea kunyamaza, lakini nashukuru hakikumaliza. Nadhani ni kwa sababu hiyo mchana wa siku iliyofuata Nyangi alinifuata akaniambia nimwite yule mwanamke wa Matongo, aje nyuma ya jiko, kwenye kuni, na mimi niwepo.

Walikaa mbali kidogo, kila mmoja kwenye gogo lake. Nyangi hakumwangalia. Aliongea akiniangalia mimi.

"Muulize. Mwanawe alikufa palepale, au alikaa?"

Bhoke akajibu mwenyewe. "Alikaa. Jua lilipotoka alikuwa bado."

"Alisema nini?"

Niliona mikono ya Bhoke ikishika ukingo wa kikapu. Alisema mwanawe hakulalamika maumivu. Aliuliza, yule mtu amekufa? Bhoke akamwambia hajui. Ndipo Mwita akasema, mama, nenda ukamwangalie. Akalirudia hilo mpaka sauti ikakata.

"Ndiyo nimekuja," alisema Bhoke. "Nimechelewa, lakini ndiyo nimekuja kumwangalia."

Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakutuambia sisi kanisani, kwa sababu neno lile lingetosha, wazee wangesema ametubu, wangemzika kwa ibada. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemvumilia mtoto wa mwenziwe.

"Hakunituma kwenu," alisema. "Alinituma huku."

Nyangi alikuwa amegeuka sasa, anamwangalia uso kwa uso. Alipoongea, sauti yake ya amri ilikuwa imemtoka.

"Nataka aadhibiwe," alisema.

"Ndiyo," Bhoke akajibu.

"Sijasema nimesamehe."

"Sijaomba."

"Kila asubuhi nikiamka, kabla sijaomba, naangalia kwanza kama bado yuko kwenye moto. Nimekuwa mlinzi wake. Uso wa Wambura siku hizi hauji, unakuja wa huyo wako, na hata simjui alivyokuwa. Nimechoka, mama." Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Ila adhabu yake bado hajaimaliza."

"Atamaliza?" Bhoke aliuliza. Hapo tu ndipo nilipomsikia akiogopa.

Nyangi alisimama, akachukua kuni alizokuwa amekuja kuchukua. "Nitakuambia," alisema, akarudi jikoni.

Nilitaka waandikwe kwenye historia ya kanisa wakikumbatiana, lakini haikuwa hivyo. Bhoke aliendelea kula viazi vyake mpaka semina ikaisha, na Nyangi aliendelea kutawala sufuria. Jumapili ya kufunga, meza ya Bwana ilipoandaliwa, nilisimama mbele na kikapu cha mkate karibu na Mchungaji Daudi. Wakaja akina mama kwa safu. Katikati ya safu ya wageni nikamwona Bhoke. Alikuja polepole, akapiga magoti kwa shida, akanyoosha mkono. Mkate ule ulikuwa umeokwa na Nyangi. Alijua, kanisa zima lilijua, na kanisa zima lilisubiri kuona kama kitatokea kitu. Akaula. Nyangi alikuwa kwenye benchi lake, amekaa, anatazama, na hakuja.

Baada ya ibada nilimuuliza Bhoke ni mafundisho gani ya Mchungaji Daudi yaliyomrudisha. Alishangaa swali.

"Yule mwenye kesi amesema mwanangu atamaliza," aliniambia. "Ninyi wengine wote mlikuwa mnakisia."

Nilitaka kumsahihisha. Nyangi hakusema atamaliza, alisema atamwambia. Lakini lori lilikuwa linapiga honi, na mimi sikuwa na hakika tena kwamba kuna tofauti.

Mchungaji Daudi ameshapeleka ombi kwa wakubwa kwamba wazee wa nyumba zile mbili waruhusiwe kukaa, kwa maombi na bila mambo ya matambiko, ili mwiko uondoke. Suala bado linajadiliwa. Kwa kujadili hatujambo. Yeye bado anaamini wote watarudi, ila siku hizi analihubiri kwa sauti ya chini na hamalizii na wimbo wa furaha. Wako wanaosema amepoa. Mimi naona sasa ndiyo anaamini.

Bhoke kila nilipokwenda Nyangoto aliniuliza jambo moja tu: Mama Wambura amesema nini? Nami nikirudi Nyansurura nilimuuliza Nyangi, na Nyangi alisema, "Bado," nikampelekea Bhoke hiyo bado, naye akashukuru kana kwamba nimemletea unga. Tulimzika Bhoke masika yaliyopita, ua uleule alimolala mwanawe, kwa ibada kamili, akiwa mshiriki wa meza. Alikufa akiwa hajaambiwa. Nilirudi nikamweleza Nyangi kwamba aliyekuwa akisubiri jibu amefariki. Alilia kuliko nilivyotegemea, halafu akanikemea nisidhani kwamba hilo linabadilisha kitu.

Basi kwa aliyeniuliza pale kwenye sherehe. Nimesoma hoja za pande zote, na kuna asubuhi naamka upande wa Mzee Nyamhanga na jioni nalala upande wa Mchungaji Daudi. Sijui. Nakasirika kwamba sijui, na naogopa watu wanaojua haraka, wawe wa moto au wa karamu. Ninachofanya, kwa kuwa sina tena kazi ya kunizuia, ni kwenda kwa Nyangi. Kanisani bado anaoka mkate na bado hali. Nakwenda bila kualikwa, namsaidia kupepeta, na kabla ya kuondoka namuuliza, ingawa hakuna tena wa kumpelekea jibu.

Juma lililopita nilimkuta zizini anakamua. Nikasubiri amalize ng'ombe wa mwisho, nikamuuliza, "Mama Wambura, bado?"

Siku zote hunijibu nikiwa sijafunga mdomo. Safari hii alikaa na ndoo magotini, akaangalia upande wa Matongo, nami nikasimama pale nikiogopa hata kuhamisha mguu.

"Bado kidogo," alisema.